Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Yudith alifunua blanketi, akafungua mfuniko wa ndoo ya kwanza, akaiinamisha kidogo. Maziwa yakatembea. Yalikwenda upande mmoja yakarudi upande wa pili, mepesi kama yalivyomiminwa jana jioni. Akafungua ndoo ya pili, nayo vilevile. Hii ilikuwa mara ya saba ndani ya wiki tatu, na mara zote saba alikuwa ameamka na matumaini mapya, jambo ambalo sasa lilianza kumtia aibu.

Nyuma yake alisikia ndara za mama mkwe wake. Mama Ikupa hakuuliza kitu. Alichungulia, akaguna, akaenda zake jikoni kukoleza moto. Mguno wa Mama Ikupa ulikuwa mfupi, lakini mtu aliyewahi kuguniwa na mama huyo angekuwa radhi mara kumi atukanwe na mwingine.

Mtindi wa nyumba hiyo ulijulikana Uyole nzima. Mama Ikupa ndiye aliyeuanzisha, na vidole vyake vilipokakamaa kwa baridi yabisi alimkabidhi kazi mkwewe, mke wa mwanawe Anord. Kazi yenyewe haikuwa na uchawi. Unachemsha maziwa, unayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie, unatia kikombe cha mtindi wa jana kuwa chachu, unakoroga, unafunika kwa blanketi maana baridi ya Uyole haina huruma. Mwaka mzima Yudith aliifanya bila tatizo. Halafu ghafla maziwa yakagoma.

Alibadilisha chachu, akaomba ya jirani. Kwa jirani ikagandisha, kwake ikakataa. Alinunua maziwa kwa mfugaji mwingine, yakakataa. Alikoroga zaidi, alikoroga kidogo, alisali kabla ya kukoroga. Kwa hiyo, kwa hesabu ya Mama Ikupa, chachu ilikuwa nzima, maziwa yalikuwa mazima, blanketi lilikuwa lilelile, na kilichobaki kilikuwa kimoja tu.

"Mtindi una mkono wake, mama Pendo," alisema asubuhi hiyo, bila ukali, huku akimpa Pendo, mtoto wa Yudith, kikombe cha uji. "Kuna mkono unakubaliwa na kuna mkono unakataliwa. Mimi sikulaumu. Mkono mtu hauchagui."

Yudith aliitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya kawaida ya mwanamke wa Kilolo aliyekulia kulima viazi, yenye kovu la mundu kwenye kidole gumba. Hakuona kitu, ila tangu siku hiyo alianza kuificha kwenye khanga kila alipopita mbele ya mama mkwe.

Kilichomchanganya zaidi ni kwamba maziwa mabichi, yale ambayo hayachemshwi wala kutiwa chachu, yalikuwa yakisifiwa kuliko wakati wowote. Mteja wake mkubwa mjini alikuwa Leela, mwenye duka la vitambaa, ambaye watu walimwita Mama Akash. Yudith alipomfikishia dumu lake siku hiyo, akiwa amejiandaa kuomba radhi kwa mtindi uliokosekana tena, Leela alimkalisha kwenye kiti cha wateja na kumsimulia kwamba jana alisahau maziwa mezani tangu asubuhi hadi jioni na hayakuchacha.

"Yudith, maziwa yako sasa ni namba moja," alisema. "Zamani saa saba tu inaanza kuwa chungu. Sasa inakaa. Wewe unafanya nini?"

Yudith alisema hafanyi kitu. Na kweli kwa mawazo yake hakuwa anafanya kitu, zaidi ya kuosha vyombo vizuri. Tena hilo la kuosha alifundishwa na Leela mwenyewe. Mwezi uliopita Leela alilalamika kwamba maziwa yananuka sabuni ya unga, akaingia ndani akatoka na mfuko wa matunda makavu ya kahawia, magumu kama gololi. Kwao waliyaita aritha. Bibi yake alifulia hariri kwa matunda hayo, akaoshea nywele na vyombo vya fedha. Ukiyaloweka na kuyafikicha yanatoa povu jingi, wala hayana harufu ya dukani. Yudith aliyapenda siku hiyohiyo. Ndoo zilitoka zikiteleza kwa usafi, dumu halikunuka hata ulitie pua ndani.

Alirudi Uyole na sifa mkononi, akaiweka mezani mbele ya mama mkwe. Mama Ikupa aliisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba maziwa yasiyochacha na maziwa yasiyoganda ni maziwa mamoja, yameogopa mkono. Yudith alikaa na maneno hayo jioni nzima. Asubuhi alikuwa mwanamke mwenye maziwa namba moja, jioni akawa mwanamke anayeogopwa na maziwa.

*

Ijumaa Anord alirudi kutoka gereji ya malori akiwa hataki kukaa. Alinawa mikono muda mrefu kuliko yalivyohitaji mafuta yaliyokuwa juu yake. Mwishowe akasema mama ameita kikao Jumapili baada ya ibada. Baba mdogo Jailos atakuja. Na Philbert, kaka yake Yudith, amepigiwa simu Kilolo, atasafiri kesho.

Yudith aliuliza Philbert anaitiwa nini.

"Kuongea tu. Mama anaona ukapumzike nyumbani kidogo, halafu baadaye tutaangalia."

"Kupumzika na Pendo au bila Pendo?"

Anord alijibu kwamba yeye yuko katikati. Alisema mama ni mama na mke ni mke, akaeleza hivyo mara mbili kwa maneno tofauti, kisha akaenda kuangalia kama ng'ombe wa jirani wamefungwa, wakati jirani hakuwa na ng'ombe. Mtu anayekaa katikati hawezi kumshika mtu mkono. Yudith alijua wanawake walioambiwa wakapumzike kwao. Wengine walikuwa bado wanapumzika mwaka wa sita.

Wala haikuwa hasira iliyomjaa. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu. Alikuwa ameanza kuamini. Mtu akiambiwa kila siku kwamba mkono wake una kasoro, na kila asubuhi ndoo inatoa ushahidi, atafanyaje? Siku nne nyuma alikuwa amempelekea mikono hiyo mtu wa kuipima, na hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Mtu huyo alikuwa Juliana, mwenzake wa kwaya, mpimaji kwenye maabara ya vyakula. Yudith alimfuata Jumatatu baada ya kazi, akatoa mikono kwenye khanga kama mtu anayeonyesha jipu, akasema, "Dada, nipime mikono. Inaua mtindi."

Juliana hakucheka, na kwa hilo Yudith alimshukuru moyoni hadi leo. Alimpaka pamba kwenye viganja, akaichovya kwenye kichupa. Kisha akamtaka alete kila kitu kinachogusa maziwa: chachu, maji ya bomba, na yale maji ya kuoshea ndoo. Yudith alileta vyote, akaona hilo la maji ya kuoshea ni kujisumbua tu, maana kama kulikuwa na kitu kizuri katika shughuli nzima, ni povu lile.

*

Jumamosi Juliana alimwita. Alikuwa amepanga visahani vya kioo juu ya meza, vyenye kitu kama ugali wa maji ulioganda, na juu yake utando wa vijidudu walioota.

"Mikono yako ni kama yangu," alianza. "Hiyo weka pembeni."

Yudith aliketi.

Juliana akamsogezea kioo cha kwanza. Humo alipandikiza vijidudu wa mtindi, wale wenyewe wanaogandisha. Katikati aliweka kipande cha karatasi kilichochovywa kwenye maji ya aritha, na kuzunguka karatasi ile palikuwa na duara tupu, peupe, pasipoota kitu. Povu lilikuwa limewaua. Akamsogezea kioo cha pili. Hawa walikuwa wadudu wengine, wa kinyesi, wanaoingia kwenye maziwa kutoka kiwele kichafu, na wanaoharishisha watu. Karatasi ileile, maji yaleyale ya aritha. Hapakuwa na duara. Wadudu walikuwa wameota hadi kwenye ukingo wa karatasi, tena pale karibu walikuwa wazito kuliko kwingine.

Yudith aliangalia kimoja, akaangalia kingine, akarudi cha kwanza.

"Povu si ni moja?"

"Ni moja."

"Sasa linaua au linakuza?"

"Inategemea limemkuta nani," Juliana alisema. "Hawa wa mtindi wana koti moja, povu linalichana. Hawa wengine wana koti juu ya koti. Halafu ukilizimua sana, hata hawa wa mtindi hawadhuriki. Nimejaribu. Kwa nini wale wa pili wamenenepa pale karibu, kwa kweli hata mimi sijui. Nitadanganya nikisema najua."

Alimuuliza anasuuza ndoo mara ngapi. Yudith akasema hasuuzi. Juliana akauliza tena, na Yudith akaeleza, akishangaa kuulizwa. Kwao Kilolo bibi yake alifukiza kibuyu cha maziwa kwa moshi wa kijiti, na kibuyu kilichofukizwa hakisuuzwi, maana ukikisuuza umetoa dawa. Povu la aritha naye alilichukulia hivyo. Ni kitu cha mti, si sabuni. Kila jioni aliliacha kwenye ndoo na madumu ili liingie vizuri, kisha akamwaga na kupindua vyombo vikauke.

"Kwa hiyo maziwa mabichi hayachachi kwa sababu..."

"Kwa sababu wanaochachisha wamekufa. Wabaya wapo. Maziwa yanayochacha yanakuambia yameharibika. Ya kwako yanaharibika kimyakimya." Kisha Juliana akauliza, kwa sauti ya chini, kama kuna mtu nyumbani amesumbuliwa na tumbo.

Pendo alikuwa ameharisha siku nne. Walisema ni baridi, wakamvika soksi. Mtoto alipenda kukinga kikombe kwenye dumu kabla halijapelekwa mjini, na Yudith alimruhusu, akijivunia kwamba ni maziwa namba moja. Sasa alilia, akaomba msamaha, na Juliana alipomuuliza anamwomba nani, hakujua. Kisha alimpigia Leela, akamwambia asimpe mtu maziwa yale na kwamba aritha inabaki kwenye chombo. Leela alibisha kwamba ni kitu cha bibi yake, kisha akasema atayamwaga.

Njiani kurudi alijaribu kuyapanga aliyoambiwa na hayakupangika. Yale yaliyomletea aibu yalikuwa salama kuliko yale yaliyomletea sifa. Yule aliyempa zawadi ndiye aliyemtia matatani, na hakuwa na nia mbaya. Mkono wake haukuwa na kosa, lakini kosa lilikuwa lake. Angewaelezaje wazee jambo ambalo yeye mwenyewe lilimponyoka kila alipolishika?

*

Jumapili walikaa sebuleni. Mzee Jailos alichukua kiti kikubwa, Mama Ikupa akakaa kwenye mkeka na mikono yake ndani ya shuka, Anord akakaa karibu na mlango, na Philbert, ambaye basi lilimtesa njia nzima, alikaa ameshika kofia. Kwa desturi ya upande wa Anord, mke wa mtoto haketi uso kwa uso na baba wa mume wala ndugu zake. Kanisa limelilegeza jambo hilo siku hizi, lakini siku ya kikao kila mtu hukumbuka desturi. Yudith akakalishwa chumbani, nyuma ya pazia, akawa anazungumza na kitambaa.

Mzee Jailos alieleza kwa upole mwingi kwamba hakuna aliyemchukia binti. Ni kwamba nyumba inaishi kwa maziwa na maziwa yamemkataa. Wakimrudisha kwa muda, kwa heshima, pengine hali itatulia. Mtoto atabaki na bibi yake ili asikatishwe shule ya chekechea. Aliyasema yote hayo vizuri kiasi kwamba Philbert alijikuta ametikisa kichwa kukubali, kisha akajishtukia.

Yudith aliomba kusema. Alisema kila kitu, kuanzia aritha hadi kile kibuyu cha bibi yake, akapitisha simu chini ya pazia ili waone picha za vile vioo. Simu ilizunguka. Kila mmoja aliisogeza karibu na macho, kisha mbali.

"Povu linaua wazuri, linaacha wabaya," alirudia Mzee Jailos polepole. "Na lingepungua lisingeua."

"Ndiyo, baba."

"Sasa mkono wako ni mzuri au ni mbaya?"

"Baba, mkono haumo kabisa."

Mzee alifikiri. Ilionekana wazi kwamba amepotea, na kwamba hakukusudia kupotea peke yake. Akasema mambo ya maabara ni ya maabara, wao wana ndoo. Jioni hii zichemshiwe maji ndoo mbili, zisuuzwe mara tatu, chachu iletwe kwa jirani. Ndoo moja aweke mkwe, ya pili aweke shemeji yake, Mama Ikupa, ambaye mkono wake haujawahi kukataliwa. Asubuhi wataona.

Watu wote wakaona ni neno la busara. Mama Ikupa peke yake ndiye aliyesema hapana.

Walidhani hajasikia. Mzee Jailos akarudia. Mama Ikupa akasema hapana tena, akasema vidole vinamuuma. Anord alimwambia atamsaidia kukoroga, yeye aweke tu chachu. Hapana. Aliulizwa kwa nini, akaangalia mkeka.

"Nimeshaweka," Mama Ikupa alisema mwishowe. "Jumanne yeye akiwa kwaya. Nikaweka ndoo ndogo, mojawapo ya hizo anazoosha, chini ya kitanda changu. Asubuhi maji. Alhamisi nikaweka tena. Maji matupu. Nikamwaga kwenye migomba."

Mama Ikupa alilivuta shuka juu ya mikono yake.

"Nikajua na wangu umekufa," akaongeza.

Philbert alivaa kofia, akaivua. Sauti yake ilikuwa ya chini mno kwa mtu aliyekasirika vile. "Mama, Ijumaa asubuhi umejua. Ijumaa hiyohiyo umenipigia simu nije kumchukua dada yangu."

"Ndiyo."

Yudith alitoka nyuma ya pazia. Hakuna aliyemkemea. Kwa wiki tatu alikuwa amekusanya maneno, na sasa alitafuta hata moja akakuta yameondoka yote, akabaki na swali.

"Kwa nini hukusema, mama?"

Mama Ikupa hakuinua uso. "Ningesema, ningebaki nani hapa? Wewe una miaka ya kujifunza kazi nyingine. Mimi nikikosa maziwa, nabaki mtu wa kupewa chakula."

Yudith alimwelewa. Hilo ndilo lililomkera, kwamba alimwelewa kabisa, neno kwa neno, maana ni hofu ileile aliyolala nayo na kuamka nayo. Alitaka kumpigia kelele na alitaka kumshika bega, na vyote viwili vilimjia kwa pamoja vikazuiana. Philbert alimuuliza kama anafunga mzigo. Alisema bado. Philbert akauliza kama amesamehe, na Yudith akasema hajasamehe, ila kwanza anataka kuchemsha maji.

*

Jioni walifanya kama Mzee Jailos alivyoagiza. Ndoo zilimwagiwa maji yaliyochemka, zikasuuzwa mara tatu, na mara ya nne kwa sababu Yudith hakuridhika. Kila mmoja alitia chachu kwenye ndoo yake kwa mkono wake. Mama Ikupa alikoroga taratibu, akiuma meno, na hakukubali kusaidiwa. Walifunika ndoo kwa blanketi moja, na nyumba nzima ikalala mapema.

Kulipopambazuka Yudith alifika wa kwanza. Alifungua ndoo yake, akaiinamisha. Maziwa hayakutembea. Yalikaa mazito na meupe, na juu yake palikuwa na yale maji kidogo ya kijani yanayoonyesha kwamba kazi imeisha. Aliweka kidole, akaonja, akasimama pale akiwa na kitu kilichopanda kifuani ambacho hakukipatia jina, ila kilifanana na furaha na kilifanana pia na uchovu.

Ndara zikasikika. Mama Ikupa alisimama kwenye kizingiti, shuka limemzunguka hadi kidevuni. Aliona ndoo ya mkwewe imegandisha. Hakusogea.

"Nifungulie na yangu," alisema. "Mimi siwezi."

Yudith alipiga magoti, akafungua mfuniko, akainamisha ndoo ya mama mkwe wake na kuitazama. Alikuwa amempa mgongo, na mgongo wake uliziba ndoo yote.

"Vipi?" aliuliza Mama Ikupa.

Yudith hakujibu. Alisikia yule mwanamke mzee akivuta pumzi na kuishikilia. Alisikia jogoo wa jirani, na lori likipanda mlima kwa gia ndogo. Alijua ni neno moja tu linalotakiwa, na alijua kila sekunde inamfanya nini mtu aliyesimama pale, maana naye alisimama palepale asubuhi saba. Akaiacha moja ipite, akaiacha na nyingine.

"Mama Pendo," ilisema ile sauti nyuma yake, ikitetemeka. "Niambie tu, mwanangu."

"Yameganda, mama," alisema Yudith.